Tangi la Land Rover ya marehemu mzee limeoza kutu: nilisafishe au nitafute jingine?

MkongeWaPili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Nina Land Rover Series III, 109 (ile ndefu), ya petroli, injini ile ya lita mbili na robo. Ilikuwa ya marehemu baba. Alifanya kazi shamba la mkonge upande wa Muheza, na gari lilipochakaa wakamuuzia yeye mwenyewe aliyekuwa akiliendesha. Alipofariki likakaa chini ya mwembe hapa Raskazone miaka minne, bahari tunaisikia tukiwa kitandani, na tangi lina mafuta robo. Hilo kosa langu la kwanza, nalikiri kabla hamjanisema.

Mwezi uliopita nikaamua kulifufua. Betri mpya, plagi mpya, petroli lita 10 nikamimina juu ya ile ya zamani (kosa la pili). Likawaka! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tukazunguka mpaka Mkwakwani, tukarudi tunapunga mikono kama wagombea. Kesho yake natoka kwenda Pongwe, sijafika hata Kange, likakohoa likazima. Nikakaa dakika kumi namwaza baba, nikapiga ufunguo, likawaka kama halikufanya kitu. Kilomita mbili mbele, tena.

Fundi akasema kabureta. Akafungua, akapuliza, nikalipa. Siku mbili, yale yale. Akafungua tena, nikalipa tena. Mara ya tatu nikamwambia ndugu yangu, hebu iache hiyo kabureta ipumue, tufungue ile glasi ya pampu. Wenye gari hizi mnaijua, kikombe kidogo cha kioo chini ya pampu ya mafuta, kimeshikwa na waya na skrubu ya kukaza kwa vidole. Ndani mlikuwa na chai ya rangi. Sitanii, chai ya rangi iliyotulia, na chini yake tope jekundu kama udongo wa Lushoto, kimo cha ukucha.

Nikatoa kiti cha dereva (tangi liko chini yake), nikafungua skrubu za geji ya mafuta, nikamulika kwa simu. Kuta zote kahawia, zimetoka magamba kama samaki changu. Harufu si ya petroli tena, ni ya vanishi.

Sasa nipo njia panda. Nilisafishe, nilizibe, au nitafute jingine? Kuna fundi mmoja wa kuchomelea kaniambia, "Lete, jioni unaondoka nalo."

Nahodha_wa_NchiKavu

Kabla ya yote: uliingiza simu kwenye mdomo wa tangi lenye mvuke wa petroli? Na unatuandikia ukiwa mzima? Nenda kamshukuru mama kwa dua zake.

MkongeWaPili

Sikuiingiza, niliishika juu kidogo. Lakini nimekuelewa, mkuu.

BaharinaKutu

Swali moja la haraka. Likizima, uliwahi kufungua kifuniko cha mafuta hapo hapo? Kama kinavuta hewa kwa mlio wa "fyuuu", basi tundu la kupumulia limeziba. Pampu inavuta, hewa haiingii, mwisho pampu inashindwa. Dalili zake ni hizo hizo za kuzima na kuwaka baada ya kupumzika. Watu wengi wametupa matangi mazima kwa kosa la kifuniko.

MkongeWaPili

Nilifungua leo makusudi baada ya kuzima. Kimya. Hakuna fyuu.

BaharinaKutu

Basi ni uchafu. Pampu ikivuta, magamba yanakwenda kujibana kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea. Injini ikizima hakuna mvuto, yanadondoka chini, njia inafunguka. Ndiyo maana linakuchezea. Pole.

Mzee404

Shikamooni wa rika la juu, na nyie vijana marahaba.

Nina Peugeot 404. Wenye umri wangu wanajua lile gari lilishinda Safari Rally 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, sisi tukiwa watoto tunachora 404 kwa mkaa ukutani na kuchapwa. Nimeshakumbana na kutu ya tangi mara mbili kwa hiyo ninayosema nimeyalipia.

Mwanangu, huyo wa "jioni unaondoka nalo" usimpelekee. Miaka hiyo nikiwa kijana wa gereji, jirani yetu aliletewa tangi "tupu". Lilikuwa limekauka, limekaa juani wiki nzima, ukilitikisa hakuna kitu. Alipogusisha moto, lile tangi lilivimba likapasuka kwenye mshono. Yeye aliishi, ila mkono mmoja ulibaki hivyo hivyo. Watu wanaogopa tangi lililojaa, kumbe tupu ndilo baya. Likijaa, mvuke hauna nafasi ya kuchanganyika na hewa.

MwlKemia_Muheza

Mzee kasema kweli, naongezea hesabu yake. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Chini ya hapo mvuke ni kidogo mno kuwaka, juu ya hapo ni mwingi mno. Tangi lililomiminwa mafuta yote likabaki na unyevunyevu kwenye kona na chini ya magamba ya kutu linaangukia humo humo katikati. Na ule mvuke ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaondoka wenyewe, unalala chini humo ndani. Ukilipasha moto, mafuta yaliyojificha kwenye kutu yanatoa mvuke mpya hata kama ulikuwa umelisuuza asubuhi.

Kuhusu kutu yenyewe. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo tone lolote linakwenda chini. Yalitoka wapi? Usiku hewa ndani ya tangi inapoa, unyevu unaganda kwenye kuta, unachuruzika. Asubuhi tangi linavuta hewa nyingine, na hewa ya Raskazone mnaijua. Masika minne na vuli nne, kila usiku tone. Tangi lililojaa halina nafasi hiyo, robo tatu tupu ndiyo karamu. Kinachochekesha ni kwamba bodi ya gari hilo ni aluminiamu, kwa sababu Land Rover ilipoanza 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Mabati ya nje yatamzika mjukuu wako. Tangi ni chuma.

ShangaziChumbageni

Mie si wa magari ila nasoma. Kwa nini asitumie ndimu? Bibi yetu alikuwa akisugua sinia za shaba kwa ukwaju na majivu, zinang'aa hadi unajiona.

MwlKemia_Muheza

Shangazi, hujakosea hata kidogo. Ukwaju, ndimu, siki, zote ni asidi nyepesi na zote zinakula kutu. Shida ni ujazo. Tangi la chini ya kiti la gari hilo ni galoni 10 za Kiingereza, kama lita 45. Siki nyeupe lita 45 utafilisika. Ndimu utamaliza za soko la Ngamiani, wauza pweza watakulaani.

Njia ninayoipenda ni molasi, ile wanayopewa ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, yaani lita nne na nusu hivi, unajaza tangi mpaka juu. Ni polepole, wiki mbili, tatu. Lakini inakula kutu na kuacha chuma, na huhitaji glavu za maabara. Usilifunge kabisa, litachacha na kutoa gesi. Toa geji, toa kila kitu cha aluminiamu au chenye zinki, molasi inavila hivyo. Na kabla hujamwaga kitu, petroli yote itoke, halafu osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu nne. Asidi haipiti kwenye mafuta.

KijanaWaBarabaraYaNane

Wiki tatu!? Jamani kuna ile asidi ya kusafishia vyoo. Nusu saa kazi imekwisha. Nimeiona kwenye video.

MwlKemia_Muheza

Imekwisha kazi au limekwisha tangi? Ile ni haidrokloriki. Haichagui, ikimaliza kutu inaendelea na bati. Matangi mengi ya zamani yalipakwa ndani mchanganyiko wa risasi na bati jeupe, pale ulipobaki asidi itauondoa wote. Na ukiimwaga tu, kutu mpya ya rangi ya chungwa inarudi kabla hujafunga bomba la maji. Kwa hewa ya Tanga nakupa dakika tano.

FundiRejeta

Habari wakuu. Mimi nalehemu rejeta na matangi Ngamiani, sitaji barabara msije mkasema najitangaza.

Kabla ya molasi vunjeni magamba kwanza, la sivyo molasi inakula juu na chini kumejaa. Mimi natumia kokoto kali za Pongwe, debe dogo, nafunga tangi kwa kamba kwenye tairi la nyuma la trekta lililonyanyuliwa jeki, linazunguka polepole nusu saa. Linatoka jeupe.

MwlKemia_Muheza

Fundi, kwa heshima. Kokoto za Pongwe ni mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko pale. Vumbi lake likibaki ndani, asidi yoyote utakayoweka itakula chokaa kwanza na kuisha nguvu. Povu utaliona utafurahi, kutu haijaguswa.

FundiRejeta

Loo. Miaka yote najiuliza mbona siki inachemka sana halafu kutu ipo pale pale.

Basi tumieni nati na bolti za zamani, au mnyororo. Mnyororo ufungwe kamba ya mkonge ncha moja ibaki nje, maana ndani kuna kuta za kuzuia mafuta yasiyumbe, ukinasa humo hautoki tena mpaka kiyama.

Nahodha_wa_NchiKavu

Na ile ya umeme? Nilisikia ya nondo na chaja ya betri.

MwlKemia_Muheza

Inafanya kazi, na magadi ya sokoni yanatosha, kijiko cha chakula kwa lita nne za maji hivi. Hasi ya chaja kwenye tangi, chanya kwenye nondo iliyoning'inia ndani bila kugusa popote. Ukikosea waya, tangi ndilo litakaloliwa. Usiweke chumvi ya mezani, itatoa klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, maji yatabaki na sumu mbaya. Inatoa haidrojeni, kwa hiyo nje, mbali na jiko, na zima chaja ukutani kabla hujagusa koleo. Lakini umeme unasafisha panapoonana na nondo. Nyuma ya kuta za kati hapafiki. Kwa tangi hili, molasi.

MkongeWaPili

Nimewasoma wote. Nimeanza. Nimemwaga petroli kwenye madumu kupitia plagi ya chini, ilitoka lita kama 14, ya mwisho mwisho ilikuwa maji matupu ya kahawia. Nimeosha mara nne. Nimetikisa na nati za gari bovu la jirani mimi na wadogo zangu wawili, mmoja kila upande, kama tunapeta mchele. Kilichotoka nimekiweka kwenye sufuria kuukuu, kimejaa sufuria nusu. Mama ameomba sufuria yake nikamwambia isahau.

Molasi nimeipata kwa mfugaji. Tangi liko nyuma ya nyumba, limejazwa, mdomo nimefunika kitambaa.

MkongeWaPili

Siku ya nne. Nyuki.

ShangaziChumbageni

Nilikuwa nangoja hili.

BaharinaKutu

Chandarua, kaka. Na miguu ya meza weka kwenye makopo ya maji, sisimizi wako njiani.

Mzee404

Wakati anangoja, niseme habari ya dawa za kupaka ndani, maana ataulizwa. Zipo za kuagiza, kama POR-15, unamimina, unageuza tangi kila upande, unaacha likauke. Nilitumia moja kwenye 404. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, sikukausha vizuri kwenye mshono. Mwaka mmoja na miezi, ikaanza kubanduka vipande kama ngozi ya nyoka, na vile vipande vinaziba bomba kuliko hata kutu. Kuvitoa ni kazi ya mwezi. Mara ya pili nilikausha siku tatu juu ya bati juani na kupuliza hewa ya moto, ikashika, mpaka leo. Inashika pasafi na pakavu, basi. Na haishiki tundu, inashika uso. Anayekuambia itaziba tundu la kuingia kidole anakuuzia kopo.

Nahodha_wa_NchiKavu

Na mpaka hapo asafiri na nini?

KijanaWaBarabaraYaNane

Dumu la lita 5 juu ya boneti, mpira hadi kwenye pampu. Tumefika nalo Korogwe.

Nahodha_wa_NchiKavu

Mungu anawapenda sana watu wa Barabara ya Nane.

FundiRejeta

Kwa tundu dogo linalovuja njiani, sabuni ya mche. Kipande kikavu, unasugua juu ya tundu huku linavuja. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, inaziba. Ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kuishi nayo. Nimeletewa tangi lina sabuni ya mwaka mzima, mwenyewe ameshazoea.

MkongeWaPili

Wakuu, mrejesho. Siku ya 17 nimemwaga. Yametoka meusi, yananuka kama pombe ya kienyeji iliyokosewa. Ndani kumebaki chuma cha kijivu, safi, sikuamini. Nimesuuza, nikapitisha maji ya magadi kuua asidi, nikasuuza tena, nikapuliza hewa ya moto.

Halafu nikalinyanyua juu ya kichwa, uso nimeuelekeza kwenye tundu la geji, nyuma yake jua la saa nne. Nyota. Nimehesabu nyota kumi na moja kwenye sakafu ya tangi, zote kwenye mstari mmoja pale maji yalipokuwa yakilala. Nikachukua bisibisi, nikabonyeza kidogo tu pembeni ya moja. Ikapita kama kwenye boga.

Yaani kutu ndiyo iliyokuwa inazuia mafuta yasivuje. Nimeumia, siwafichi. Wiki mbili na nusu na nyuki wote wale.

MwlKemia_Muheza

Pole sana, kaka. Bora lilivyotoboka mezani kwako kuliko chini ya kiti chako, bomba la moshi liko karibu.

FundiRejeta

Kumi na moja kwenye mstari mmoja, mimi silehemu. Kulehemu kunashika kwenye bati zima. Kwenye boga utalehemu leo, kesho pembeni pake. Ningeweza kuchukua hela yako.

Chaguo lako ni mawili. La kwanza, uingize jipya kutoka Uingereza, bado yanatengenezwa, nauli inaweza kuzidi tangi. Mtaa wa Gerezani kule Dar ukibahatisha utapata kuukuu, na humo ndani utakuta hadithi hii hii. La pili, tulikunje jipya hapa hapa. Hilo la zamani usilitupe, ndilo kipimo. Shingo ya kujazia, plagi ya chini na kiti cha geji tunavikata na kuvihamishia.

Mzee404

La pili. Lakini simama juu yake, kama ulivyosimama juu ya yule wa kabureta. Pleti ya milimita moja na nusu, si bati la paa. Ukuta wa kati wenye matundu uwepo, usipokuwepo utasikia mafuta yanapiga kofi kila ukikata kona. Na plagi ikae mahali pa chini kabisa, mafundi wanapenda kuiweka panapowafaa wao.

BaharinaKutu

Na ukijaribu kuvuja tumia pampu ya baiskeli na povu la sabuni. Usiruhusu mtu alete kompresa. Tangi la pembe nne halipendi mgandamizo, litavimba kama mkate.

MkongeWaPili

Limekunjwa. Siku tatu, nilikaa kwenye stuli pale Ngamiani mpaka wakaanza kunitumia kununua vocha. Vile vipande vya zamani vilichemshwa kwenye maji ya sabuni saa nzima kabla ya kuguswa na moto. Pampu ya baiskeli, povu, tundu moja kwenye kona ya mshono, likarudiwa. Nje tumepiga rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, nyeusi, linapendeza mpaka huruma kulificha chini ya kiti. Vyote pamoja na rangi, laki mbili na nusu.

Mabomba nimepuliza, chujio jipya, kabureta imefunguliwa kwa mara ya nne, na safari hii ilistahili. Petroli nimejaza mpaka juu.

Jana nimekwenda Muheza na kurudi na mama. Alitaka kupita kule shambani, tukasimama kidogo barabarani tukatazama mkonge, hatukushuka. Halijazima hata mara moja. Nimefika nyumbani nikafungua boneti kabla sijafungua mlango wa mama, kaninunia. Ile glasi ni nyeupe. Unaona upande wa pili.

Tatizo moja tu. Geji inasoma sifuri. Tangi limejaa, mshale umelala. Nimetoa boya nikalipandisha kwa mkono, hakuna. Imekufa na yenyewe?

BaharinaKutu

Ulisema umelipiga rangi mikono miwili?

MkongeWaPili

Ndiyo.

BaharinaKutu

Na pale geji inapokaa? Na kwenye bolti za kushikia tangi?

MkongeWaPili

Kote. Niliwaambia wasibakize hata sehemu ya kidole.

BaharinaKutu

Geji haina njia ya umeme kurudi kwenye chasisi, umeifunga kwa rangi. Usikwangue chochote sasa hivi na tangi limejaa. Toa waya wa betri, chukua waya mfupi, funga ncha moja kwenye skrubu ya geji mpaka iguse chuma, nyingine kwenye chasisi panapong'aa. Ukimaliza ndiyo urudishe betri.

MkongeWaPili

Mshale unapanda polepole. Umepita nusu.

ShangaziChumbageni

Na sufuria ya mama je?